Jinsi ya kupata Pontiac GTP au Buick Regal GS iliyo nzima kabla hazijaisha

Baba mdogo alikuwa na Buick Regal GS ya 2001, nyeusi, viti vya ngozi, na kila aliyeiona pale Columbus alisema hiyo gari ya bibi anayeenda kanisani. Baba mdogo hakuwa anajibu. Anasubiri tuingie I-71, tukifika kwenye ile njia ya kupandia haiwei anakanyaga, chini ya boneti unaanza mluzi mwembamba unaopanda taratibu, afu unabanwa kwenye kiti mpaka unashindwa kumalizia sentensi. Nilikuwa na miaka 16, nimetoka Tanga miaka miwili tu kabla, na mpaka leo nikiusikia ule mluzi barabarani najua ni supachaja, ile pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini kuiongezea nguvu, hata kabla sijageuka.

Sasa nawaandikia wale wa huku Marekani wanaotaka kuonja hiyo kitu, maana nikisema gari ya Kimarekani yenye mbio watu wote wanawaza Mustang na Camaro, magari ya kusukuma kwa nyuma, na hizi zinazovuta kwa mbele zimesahaulika kabisa. Wakati Pontiac Grand Prix GTP ya 1997 mpaka 2003 na Regal GS ya 1997 mpaka 2004 zote zina injini ileile, V6 ya lita 3.8 yenye supachaja, nguvu farasi 240. Mustang GT ya 1998 na V8 yake ilikuwa na 225. Sisemi GTP ingeishinda, Mustang ni nyepesi na ilikuja na gia ya mkono kama unaitaka, nasema hii ni sedani ya watu watano na buti inameza masanduku ya safari, halafu theluji ikianguka ukaifunga matairi ya baridi inapanda kilima ambacho Mustang inabaki inazungusha matairi tu.

Jinsi ya kuichagua. Watu wengi wakienda kuangalia gari kitu cha kwanza ni kufungua boneti. Kwa hizi geuza utaratibu, anza na bodi, kisha gia, injini iwe mwisho kabisa. Sababu ni rahisi: hii injini, inaitwa 3800, bloku ya chuma, vichwa vya chuma, taiming ni cheni siyo mkanda, ukiitunza inapita maili 200,000 bila kelele. Kinachoziua hizi gari ni kutu na gia.

Kutu kwanza, hasa kama gari imeishi Ohio, Michigan, Pennsylvania, majimbo yote yanayomwaga chumvi barabarani. GTP ina plastiki pembeni chini ya milango, zinapendeza sana, na nyuma yake ndo kutu inajificha. Mi niliwahi kununua moja nyekundu inang'aa kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtaani, nikazunguka mara tatu sikuona hata doa, wiki mbili baadaye naipandisha jaki kubadilisha tairi jaki ikazama ndani ya chuma kama kisu kwenye mkate. Niliumia sana. Kwa hiyo nenda na tochi, lala chini, gonga kile chuma kirefu kinachotoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, gonga kwa mpini wa bisibisi, sauti iwe ya chuma kigumu, ukisikia sauti ya kopo tupu au vumbi jekundu linamwagika, ondoka. Angalia pia paipu za breki zinazopita chini kwenda nyuma, hizo zikiwa na magamba ya kutu zinaweza kupasuka siku unapozihitaji, na kubadilisha zote ni kazi ya siku nzima. Halafu ile fremu ya mbele inayobeba injini na gia, pale ilipofungwa na bolti kwenye bodi. Kama una ndugu Georgia au Texas mwombe akuangalizie huko, gari ya kusini jua linachoma rangi na dashibodi lakini chuma kinabaki chuma.

Gia. Hizi zote ni otomatiki ya gia nne, 4T65E-HD, na nguvu yote ya supachaja inapitia humo. Usikubali kuijaribu kwa dakika tano kuzunguka mtaa, maana tatizo lake linatoka ikiwa ya moto. Endesha nusu saa, haiwei kidogo, mjini kidogo, kusimama na kuondoka, ndipo uanze kusikiliza. Ikibadilisha kutoka moja kwenda mbili kwa kishindo kama mtu amepiga teke kiti chako kwa nyuma, mara nyingi ni solenoidi ya presha (vali ya umeme) ndani ya gia, na ukichomeka mashine ya kusoma namba za hitilafu utakutana na P1811. Solenoidi yenyewe siyo bei mbaya ila imekaa upande ambao fundi lazima ashushe ile fremu ya mbele kuifikia, kwa hiyo hela kubwa inaishia kwenye ufundi. Ukiikuta hivyo siyo lazima uikimbie kama bodi ni safi, ila ishushe bei kwa hesabu hiyo. Ikiwa inateleza, yaani rpm inapanda na gari haiendi, hiyo achana nayo.

Ukiwa hapohapo barabarani kanyaga hadi chini mara moja kwenye lami kavu iliyonyooka, mikono miwili kwenye stelingi. Itakuvuta upande kidogo, usiogope, ndo tabia ya nguvu nyingi kwenye magurudumu ya mbele yanayopinda na kuvuta kwa wakati mmoja. Ikivuta sana mpaka unapigana nayo hapo uliza habari za bushi, maunti za injini na matairi. (Pontiac wenyewe walilijua hili, Grand Prix GXP ya 2005 yenye V8 wakaiwekea matairi ya mbele mapana kuliko ya nyuma, milimita 255 mbele na 225 nyuma. Nimependa hiyo gari toka siku ya kwanza nilipogundua hilo.)

Sasa boneti. Washa ikiwa ya baridi, usikubali ukute mwenye gari ameshaipasha moto. Sikiliza supachaja, iko juu ya injini, huwezi kuikosa. Kama inagonga-gonga kama kokoto kwenye kopo ikiwa sailensi, yaani imewaka bila kukanyagwa, na ukikanyaga kidogo inanyamaza, hiyo ni kaplingi (kiungo) ya plastiki ndani ya pua yake imeisha, kitu cha bei ndogo na unaweza kubadilisha mwenyewe Jumamosi moja. Supachaja ina oili yake ya peke yake, tofauti na ya injini, muulize mwenye gari lini alibadilisha, na akikukodolea macho basi jua haijaguswa tangu kiwandani. Chungulia upande wa mikanda utaona vipande viwili vidogo vya plastiki vyenye umbo la kiwiko vinavyopitisha maji ya rejeta. Vinapasuka kwa uzee, maji yanaisha, injini inachemka. Ukishainunua tu weka vya aluminiamu, hela kidogo sana kwa usalama mkubwa.

Na hili usilipite: mwaka 2008 General Motors, waliotengeneza Pontiac na Buick, waliziita GTP na Regal GS zenye supachaja zirudi kutengenezwa kwa sababu oili ilikuwa inavuja kwenye gasketi ya kava ya valvu ya mbele, inadondokea ekzosi ya moto, na inaweza kuwasha moto. Tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani huku Marekani, unaingiza namba ya chasisi bure, ila inaonyesha miaka 15 ya nyuma tu kwa hiyo kwa gari hizi isikutulize, pitisha tochi mwenyewe. Ukiona oili mbichi mbele pale, au unanusa oili inayoungua baada ya kuendesha, gasketi ibadilishwe kabla gari haijalala kwenye gereji iliyo chini ya chumba cha watoto.

Muulize pia kama kuna mtu alifunga puli ndogo ya supachaja, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda. Vijana walikuwa wanatoa ya inchi 3.8 wanaweka 3.4, gari inaongeza nguvu kweli, lakini bila plagi za baridi zaidi na bila mtu kupima kama injini inagonga, pistoni zinaumia polepole. Puli ndogo na mafuta ya bei rahisi ni ndoa mbaya. Hii injini inataka petroli ya okteni 91 au zaidi, hata ikiwa haijaguswa.

Ukikosa hizi mbili zipo nyingine, sitaingia ndani sana. Pontiac Bonneville SSEi na Buick Park Avenue Ultra zina injini hiyohiyo. Dodge SRT-4 ya 2004 na 2005, turbo, nguvu farasi 230, vioo vya milango ya nyuma vya kuzungusha kwa mkono, kali sana ila kuipata ambayo haijachokonolewa ni kazi. Ford Taurus SHO ya 1989 na V6 yake ya Yamaha, gia ya mkono tu, nzuri mpaka ukifungua boneti unataka kuitundika ukutani, lakini ya 1996 mpaka 1999 yenye V8 usilipe hata senti mpaka uone risiti kwamba camshafti zimechomelewa na magurudumu yake ya meno, maana yakiteleza injini imekwisha.

Ila mi bado nasema GTP, na tafuta yenye ile taa inayoandika spidi kwenye kioo cha mbele. Ukiipata iliyopita mitihani yote hiyo, lipa, subiri giza liingie, dashibodi yote iwake nyekundu kama makaa, uende ukatafute njia ndefu ya kupandia haiwei.