Somo: Kupiga kura mapema Marekani, hatua kwa hatua, na mahali inapokwamia

Somo hili ni la ndugu waliokwisha kula kiapo cha uraia wa Marekani na wanaofanya kazi za shifti: maghala, viwanda vya nyama, nyumba za wazee, malori. Uchaguzi mkuu huku hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Utaratibu huo uliwekwa kwa sheria ya 1845, enzi za mikokoteni ya farasi, na mpaka leo Jumanne hiyo si sikukuu ya taifa. Anayeingia kazini saa kumi na moja alfajiri, akatoka jioni na bado ana watoto wa kuchukua, siku inampita hivi hivi. Kura ya mapema inamfaa mtu huyo kuliko yeyote.

Msimamo wetu tunautoa mapema: piga mapema, nenda kituoni kwa miguu yako mwenyewe, na usikimbilie siku ya kwanza. Kura ya posta itumie ukiwa huna njia nyingine. Sababu utaziona ndani ya hatua.

Kabla ya yote: kura hii ni ya raia tu. Mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) akipiga kura ya urais au ya bunge la Marekani anatenda kosa la jinai, anaweza kunyimwa uraia na hata kurudishwa alikotoka. Kutojua hakumwokoi.

Hatua ya 1: Jua tarehe za jimbo lako

Kila jimbo lina sheria yake. Chukua uchaguzi wa 5 Novemba 2024. Minnesota walifungua 20 Septemba, siku 46 kabla. Ohio walianza 8 Oktoba. North Carolina ilikuwa 17 Oktoba hadi 2 Novemba, na Texas 21 Oktoba hadi 1 Novemba. Alabama, Mississippi na New Hampshire hazikuwa kabisa na kura ya mapema ya kituoni iliyo wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo shemeji yako wa Minneapolis akikuambia "mimi nimeshapiga", haina maana kwako wewe uliye Houston kwamba milango iko wazi. Tarehe zichukue kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, maana sheria hubadilishwa kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Ujumbe wa WhatsApp uliozunguka makundi kumi usiutegemee.

Hatua ya 2: Jitafute kwenye daftari, wiki sita kabla

Texas na Ohio hufunga uandikishaji takriban siku 30 kabla ya uchaguzi. Minnesota unaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura. North Carolina wana utaratibu wa peke yake: kipindi cha kura ya mapema unajiandikisha na kupiga papo hapo, lakini Jumanne ya uchaguzi dirisha hilo limeshafungwa. Kwa mtu wa Charlotte aliyechelewa, kura ya mapema ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

Ukijipata kwenye daftari, soma jina herufi kwa herufi. Watu wetu wanakwama hapa kuliko mahali pengine popote. Mohamed ameandikwa Mohammed. Jina la ukoo la Mkongomani limewekwa mbele badala ya nyuma. Majina matatu yamegeuzwa mawili. Waliokuja kama wakimbizi wengi wameandikwa kuzaliwa 1 Januari, na nyumba moja inaweza kuwa na baba na mtoto wenye jina moja. Karani akikosea mstari, anaweza kumtia alama baba kwamba ameshapiga wakati aliyepiga ni mtoto. Kwa hiyo mbele ya karani taja jina, anwani na mwaka wa kuzaliwa, kisha tazama mstari anaokuonyesha kabla hujatia sahihi.

Hatua ya 3: Kitambulisho

Ohio tangu 2023 wanataka kitambulisho cha picha: leseni ya udereva, kitambulisho cha jimbo, pasipoti ya Marekani au cha jeshi. Jimbo hilo huweka kwenye leseni alama kwamba mwenye nayo si raia. Ukipata uraia halafu ukaendelea kutembea na leseni ile ya zamani, itakukwamisha mbele ya karani. Ibadilishe mara tu baada ya kiapo, au nenda na pasipoti.

Hatua ya 4: Chagua siku na saa

Siku ya kwanza kuna foleni ya wenye hamasa, na ya mwisho kuna foleni ya waliochelewa. Katikati pana nafasi. Nenda Jumanne hadi Alhamisi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, au mara unapotoka shifti ya usiku, ukishajua saa za kufungua. Tunashauri wiki ya mwisho ya kipindi, si siku ya mwisho. Kwa nini tunachelewesha hivyo, tutaeleza chini.

Kituo cha mapema mara nyingi si kile cha Jumanne ya uchaguzi. Texas, kaunti kama Harris, yenye Houston, ina vituo vingi na unaweza kuingia chochote ndani ya kaunti yako. Ohio, sheria inaruhusu kituo kimoja tu cha mapema kwa kila kaunti. Kaunti ya Franklin, yenye Columbus, ina watu zaidi ya milioni moja na kituo hicho kimoja. Panga usafiri kwa kuzingatia hilo. Tunaona ni dhuluma kwa asiye na gari, lakini ndiyo sheria iliyopo.

Hatua ya 5: Ndani ya kituo

Vua fulana au kofia yenye jina la mgombea. Texas ni marufuku kuionyesha ndani ya futi 100 kutoka mlangoni, na karibu na vibanda vya kupigia kura simu pia haitumiki. Andika majina unayoyataka kwenye karatasi ya kawaida nyumbani.

Kama mnatumia karatasi na kalamu, jaza kiduara chote kwa wino mweusi. Usiweke alama ya vema wala msalaba. Geuza karatasi. Majaji, bodi ya shule na kodi za mtaa mara nyingi ziko upande wa pili, na kura nyingi huishia upande wa kwanza. Ukikosea, usifute wala usiandike juu yake. Mrudishie karani, aiharibu rasmi na akupe nyingine.

Kisha unaitia mwenyewe kwenye mashine. Hapa simama utazame kioo. Ukiwa umejaza viduara viwili mahali pa mgombea mmoja, mashine huonya au huirudisha karatasi mdomoni mwake. Karani atakuuliza: ipite hivyo hivyo au uichukue? Ichukue. Ukiiacha ipite, nafasi ile haihesabiwi. Onyo hilo ndilo sababu yetu kubwa ya kupendelea kituo kuliko posta: kwenye bahasha hakuna wa kukuonya.

Wakikuambia jina halipo, usiondoke. Katika majimbo mengi, sheria ya shirikisho ya 2002 inakupa haki ya kuomba kura ya muda, ile inayowekwa pembeni mpaka sifa zako zithibitishwe. Uliza kwa maandishi unatakiwa kupeleka nini, wapi na kabla ya siku gani. Na uzuri wa kuwa umekwenda mapema ni kwamba siku za kuhangaikia hilo unazo.

Hatua ya 6: Posta, kama huna budi

Unapata karatasi na kwa kawaida bahasha mbili. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya ndani, ya siri. Ya ndani inaingia kwenye ya nje. Ya nje inatiwa sahihi na tarehe. Pennsylvania, karatasi iliyorudi bila bahasha ya ndani haihesabiwi. Minnesota na Wisconsin wanataka pia sahihi ya shahidi na anwani yake.

Sahihi ndiyo inayoua kura nyingi katika majimbo yanayoilinganisha. Iliyoko kwenye ofisi ya uchaguzi labda ni ile uliyoitia kwa kidole kwenye kioo ulipochukua leseni. Tazama leseni yako, iige hiyo, si ile nzuri ya cheti cha uraia.

Texas, fomu na bahasha vinataka namba ya leseni au tarakimu 4 za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na lazima ifanane na ile iliyo kwenye faili lako. Mchujo (uchaguzi wa kuwapata wagombea wa vyama) wa Machi 2022, mara ya kwanza sharti hili kutumika kwa jimbo zima, takriban asilimia 12 ya kura za posta zilikataliwa, nyingi kwa kukosa namba hiyo. Andika namba zote mbili. Na kumbuka Texas posta si ya kila mtu: ni ya wenye miaka 65 na kuendelea, wagonjwa na wenye ulemavu, watakaokuwa nje ya kaunti, na makundi mengine machache.

Tuma angalau wiki moja kabla ya mwisho, na ufuatilie kwenye tovuti mpaka uone imepokelewa. Usimkabidhi mtu wa kampeni, wala mzee wa kanisa anayekusanya. Majimbo mengi yameweka mipaka ya nani anaruhusiwa kubeba kura ya mwenzake, na mengine ni kifungo.

Tunachopata, tunachopoteza

Faida ya muda ni dhahiri. Mwaka 2020 zaidi ya watu milioni 100 walipiga kabla ya siku yenyewe, wakati wa korona. Mtoto akiugua au gari likiharibika, una kesho.

Hasara ya kwanza ni kwamba kura ikishaingia, habari ya kesho haikusaidii. Mchujo wa urais wa chama cha Democratic wa 3 Machi 2020 ni mfano wa wazi: Pete Buttigieg alijitoa 1 Machi, Amy Klobuchar 2 Machi. Waliokuwa wamewapigia wiki mbili kabla, Minnesota, Texas na kwingineko, kura zao zilikwenda kwa watu waliokwisha kutoka uwanjani. Montana, 24 Mei 2017, mgombea Greg Gianforte alimshambulia mwandishi wa habari jioni ya kuamkia uchaguzi, wakati kura nyingi zilikuwa zimeshatumwa. Alishinda. Ndiyo sababu tunasema ngoja wiki ya mwisho, hasa kwenye mchujo wenye wagombea wengi.

Ya pili inatugusa nyumbani. Kituoni unasimama peke yako. Karatasi za posta zikifika sita mezani, mwenye sauti nyumbani anaweza kuzijaza zote kwa kalamu moja, na mke au kijana akatia sahihi tu. Hiyo ni kura iliyoibwa, hata kama hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke anayehofia hilo apange kwenda kituoni mapema, siku anayotaka mwenyewe.

Wengi hudhani pia kwamba kufungua siku nyingi kunaleta watu wengi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 2014, walionyesha kwamba kura ya mapema peke yake, bila uandikishaji wa siku hiyo hiyo, ilihusiana na watu wachache zaidi kujitokeza: msisimko wa siku moja unapoa. Kwa hiyo kampeni ya kuhamasishana isiishe mkishapiga ninyi. Wapigieni simu waliobaki.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Columbus: Mama yangu ni raia, hasomi Kiingereza. Naweza kuingia naye?*

Ndiyo, ndugu. Kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura kinamruhusu asiyeweza kusoma au kuandika kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwambieni karani mapema. Huenda ukajaza fomu au kula kiapo. Msomee mama kila kitu, yeye ndiye aseme. Kifungu kinachodai karatasi za kura katika lugha nyingine kinahusu Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji asilia, Kiswahili hakimo.

*Mwanachama wa Pittsburgh: Nasikia kura za mapema zinahesabiwa tu kama matokeo yamekaribiana.*

Si kweli. Kura halali zote zinahesabiwa. Uvumi unatokana na kuchelewa: Pennsylvania na Wisconsin hazikuruhusu kufungua bahasha za posta kabla ya asubuhi ya uchaguzi, mwaka 2020 hata 2024, hivyo mlundo ule ulitangazwa baadaye. Florida wanaanza kuziandaa mapema, kwa hiyo usiku ule ule wanakuwa wametoa nyingi. Idadi ikibadilika usiku wa manane, uliza kwanza ni fungu gani limeingia.

*Mwanachama wa Toronto, mzaliwa wa Unguja: Hii ni sawa na kura ya mapema ya kwetu?*

Jina ni moja, kitu ni viwili. Zanzibar kura hiyo iliingia kwa Sheria ya Uchaguzi ya 2018, ikatumika mara ya kwanza 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi wenyewe, na tena 28 Oktoba 2025. Imekusudiwa watendaji wa uchaguzi na askari watakaokuwa kazini siku ya kura. Ndiyo maana mabishano ya kule, chama cha ACT-Wazalendo kikiwa mbele, ni nani hasa yumo kwenye orodha. Huku orodha ni daftari lote, swali hilo halipo. Lakini masanduku kulala usiku ni swali la pande zote mbili, na dawa yake haina siri: lakiri zenye namba, mawakala wa vyama kuzinakili jioni na kuzilinganisha asubuhi, na idadi ya waliotia sahihi kulingana na karatasi zilizotumika.

*Mwanachama wa Dallas: Karatasi ya posta ya baba imefika, sasa anataka kwenda mwenyewe.*

Aende nayo, haijajazwa, pamoja na bahasha zake, aikabidhi kwa karani ifutwe, kisha apige kawaida. Akiiacha nyumbani, huenda akapewa kura ya muda na kulazimika kusubiri. Na kama alishaitia posta, asijaribu kupiga tena; afuatilie tu kama imepokelewa, na barua yoyote ya kaunti kuhusu sahihi au namba aijibu siku hiyo hiyo.