Somo: Bega limefanyiwa upasuaji, mchezaji arudi lini uwanjani?

Somo hili ni la makocha na wachezaji wa raga na mpira wa mikono, pamoja na makipa. Bega lao huteguka kwa mbele, mkono ukiwa umeinuliwa na kuvutwa nyuma. Nitazungumzia zaidi upasuaji wa Bankart, ambapo daktari huirudisha pete ya gegedu iliyobanduka kwenye ukingo wa tundu la bega na kuifunga kwa nanga ndogo.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya upasuaji. Kama mfupa wa ukingo ulikuwa umelika, huenda alifanyiwa Latarjet: kipande cha mfupa kimehamishwa na kukazwa kwa skrubu. Huyo aonyeshe kwanza picha kwamba mfupa umeunga.

Hatua ya 2: Hesabu miezi. Wiki 3 hadi 6 za mwanzo mkono huning'inizwa kwa kitambaa shingoni. Kugongana na wenzake kwa kawaida hakufikiriwi kabla ya miezi 4, na wengi hufika 6. Wengi wetu huishia hapa: miezi imetimia, vaa jezi. Kutimia kwa miezi kunampa haki ya kupimwa tu.

Hatua ya 3: Mwendo na nguvu. Linganisha na bega zima. Upungufu mdogo wa kuuzungusha mkono kwa nje ni kawaida. Mkabaji wa raga ataumudu, mrushaji utamsumbua. Nguvu hupimwa kwa dainamomita ya mkononi, kifaa kidogo ambacho mpimaji hukishika na mchezaji akakisukuma, na lengo ni angalau asilimia 90 ya upande wa pili. Hapo pana mtego. Upande wa pili nao umelegea kwa miezi ya mapumziko, na kama lililopasuliwa ni la mkono anaoutegemea, lilipaswa kuwa na nguvu zaidi tangu awali.

Hatua ya 4: Tepu mbili. Zibandike sakafuni, umbali wa sentimita 91. Akae mkao wa pushapu, kila mkono juu ya tepu yake, kisha kwa sekunde 15 avushe mkono kugusa upande wa pili, kwa zamu. Rudia mara tatu, chukua wastani. Miguso 21 ndiyo alama inayotajwa sana. Mimi kiuno kikiyumba, au bega likikwepa uzito, hata 25 hazinishawishi. Mpime pia akiwa amechoka.

Hatua ya 5: Hofu. Hii ndiyo inayorukwa. Mtaalamu wa fiziotherapia humlaza chali, mkono pembeni kwa nyuzi 90, na kuuzungusha nje taratibu. Akishtuka na kukaza misuli, bado. Kisha aulizwe, kocha asiwepo: unaliamini bega lako? Kuna dodoso la SIRSI lililotungwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Ngazi. Mazoezi bila kugusana, mfuko wa kukabia, mwenzake anayetembea, kasi kamili, halafu dakika chache za mechi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 17, huu ni mwezi wa tano tangu apasuliwe, vipimo vyote amefaulu. Fainali ni Jumamosi.*

Marahaba, kocha. Ameshakaba kwa kasi kamili mazoezini? Kama bado, asicheze. Walio chini ya miaka 20 ndio mabega yao hurudia kuteguka zaidi, hata baada ya upasuaji. Mzazi akikubali na daktari akakataa, la daktari ndilo linalofuatwa.

*Mimi ni kipa. Maumivu sina, ila nikiruka upande ule mkono unachelewa kufunguka.*

Ndugu, hiyo ndiyo hatua ya 5. Anza kudaka ukiwa umepiga magoti juu ya godoro, mipira ya kurushwa kwa mkono, kisha uchuchumae, kisha usimame. Usiende mbele mpaka mkono ufunguke bila kuufikiria.

*Huku kwetu dainamomita hatuna.*

Wengi hawana. Aketi chini, mgongo ukutani, asukume mpira mzito wa kilo 2 au 3 kwa mkono mmoja. Pima umbali kwa futi ya fundi, kila upande mara tatu. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, lakini mkiwa na hicho, tepu na barua ya daktari, mna cha kujadili.

*Na mkanda wa bega?*

Avae akipenda. Aliyeshindwa hatua ya 4 asivalishwe ili apate kucheza.