Jinsi ya kupima joto la gesi ya Abell 1795 kwa data ya Chandra

Kama hujawahi kupima gesi ya kundi la galaksi, anza na Abell 1795. Ni zito, limetulia, na Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, huelekezwa huko mara kwa mara ili kukaguliwa vifaa vyake, kwa hiyo data za bure zimejaa tele. Chagua za zamani, mathalani uchunguzi namba 493 wa mwaka 2000. Tangu hapo uchafu umekuwa ukijikusanya kwenye kichujio cha kamera, na eksirei za nishati ndogo hazipenyi kama zamani.

Hatua ya 1. Pakua kwa download_chandra_obsid, kisha endesha chandra_repro, inayoziandaa data upya (amri hizi na zinazofuata ni za CIAO, programu za data za Chandra). Chemsha chai.

Hatua ya 2. Chora idadi ya fotoni kwa muda. Palipopanda ghafla, kata kipande hicho cha muda: ni chembe za angani, si gesi.

Hatua ya 3. Tafuta vyanzo vya nukta kwa wavdetect uvifute. Vingi ni mashimo meusi ya mbali, nyuma ya kundi. Lakini kwanza fungua orodha kwenye ds9, programu ya kuonyesha picha, uitazame kwa macho. wavdetect hupenda kudhani kitovu cha kundi nacho ni nukta. Ukiiamini, utafuta kitu kilekile ulichokuja kupima.

Hatua ya 4. Mandharinyuma, yaani kila kinachohesabiwa ambacho si cha kundi. Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Nilichukua kona ya chipu iliyoonekana nyeusi, nikaitoa, na joto la pete za nje likatoka la ajabu. Kumbe gesi ilijaa chipu nzima, hata konani. Nilikuwa naitoa gesi kwa gesi. Tumia blanksky, yaani anga tupu iliyopigwa kwingine, ukiilinganisha kiwango na data yako kwa hesabu za keV 9 hadi 12 (keV ni kipimo cha nishati). Huko vioo havikusanyi karibu chochote, kinachohesabiwa ni chembe za angani tu zinazoigonga kamera.

Hatua ya 5. Gawa kundi kwa pete, toa spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) kwa specextract, ulinganishe na modeli xsphabs*xsapec, yaani gesi ya moto inayoonekana kupitia gesi ya galaksi yetu, ndani ya Sherpa, programu ya kulinganisha modeli na data, keV 0.5 hadi 7. Weka mhamo mwekundu (kiasi ambacho kutanuka kwa ulimwengu kumerefusha mawimbi ya mwanga wa kundi) 0.0625. Mstari wa chuma, ambao maabara huuona keV 6.7, uutafute karibu na 6.3. Usipokaa hapo, umesahau mhamo.

Pete za kati zitoe takriban keV 6, yaani nyuzi milioni 70. Kitovuni joto lishuke, kwa sababu gesi iliyosongamana hung'aa zaidi na kupoa upesi. Lisiposhuka, rudi kwenye ile orodha ya nukta.