Kukosa Choo Baada ya Kuacha Sigara: Namna ya Kulirudisha Tumbo Katika Kazi Yake

Wavutaji wengi wa huku kwetu Kusini mwa Tanzania, kuanzia wavuvi wa Mikindani hadi wakulima wa korosho wa Tandahimba, huianza siku kwa mpangilio mmoja: chai ya rangi, sigara ya kwanza, kisha chooni. Mtu anapoiacha sigara, mpangilio huo hukatika. Ikifika siku ya tatu au ya nne, tumbo limejaa gesi, choo hakijapatikana au kimetoka kigumu, na moyoni huingia wazo la kuvuta moja tu ili tumbo lifunguke. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asubuhi hiyo hasa, kwa sababu inasikitisha kumwona mtu aliyekwisha kuishinda hamu ya tumbaku akirudishwa na tumbo.

Nikotini huichochea mishipa ya fahamu iliyomo katika kuta za utumbo, na utumbo mpana hujikaza na kusukuma. Ndani ya siku 2 au 3 baada ya sigara ya mwisho, karibu nikotini yote huwa imetoka mwilini. Utumbo hukosa kichocheo ulichokizoea kwa miaka, mwendo wake hupungua, na kinyesi kinachokaa ndani muda mrefu hufyonzwa maji na kuwa kigumu. Kwa kawaida hali hii husumbua zaidi katika wiki 2 za kwanza, kisha hupungua taratibu kadiri utumbo unavyojifunza kufanya kazi bila kuchochewa.

Ondoa sigara, lakini usiiondoe saa yake. Chakula kinapoingia tumboni baada ya usingizi wa usiku, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma, na ishara hiyo haihitaji tumbaku. Ukiamka, kunywa glasi ya maji ya uvuguvugu, pata kifungua kinywa, kisha nenda chooni ndani ya nusu saa hata kama hujabanwa, ukae dakika 5 hadi 10 bila kujikamua, kwani kujikamua huleta bawasiri. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia kwa umbo lake. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu. Haja ikija ukiwa shambani au sokoni, usiizuie hadi urudi nyumbani.

Chakula ndicho chenye nguvu zaidi, na Kusini tuna kila kinachohitajika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ugali wa muhogo au wa sembe iliyokobolewa, ukiliwa na samaki peke yake, hautoshi kukufikisha hapo. Mbaazi, zinazolimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, zinaweza: kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina zaidi ya gramu 10. Zipike kwa nazi, au pika kunde na choroko. Badala ya sembe tumia dona au unga wa mtama usiokobolewa. Kwenye samaki ongeza kisamvu, matembele au mlenda. Na baada ya mlo kula papai, embe au pera. Hata hivyo, ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, kwa sababu tumbo lililolegea likipewa sahani kubwa ya kunde siku ya kwanza litajaa gesi kuliko mwanzo. Korosho za kukaanga zinaufaa mkono uliozoea kushika sigara, ila kwa nyuzinyuzi hazifikii mbaazi.

Nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu wa choo. Ninawafikiria hasa wenzetu wa nyanda za Makonde, Newala na vijiji vyake, ambako maji yamekuwa ya shida kwa miaka mingi na mtu huona uchungu kuyatumia. Maji ya kunywa yasiwe ndiyo ya kupunguzwa. Glasi 6 hadi 8 kwa siku zinawatosha wengi, isipokuwa mgonjwa wa moyo au wa figo, ambaye afuate kiasi alichopewa na daktari. Anayeutumia mwezi wa Ramadhani kuacha sigara moja kwa moja, jambo jema sana, ayagawe maji yake kati ya futari na daku, na futari yake isiwe mihogo na vitu vya kukaanga pekee.

Kutembea kwa nusu saa kila siku huamsha utumbo na hutuliza hamu ya kuvuta.

Zikipita siku 3 au 4 bila choo licha ya hayo, muulize mfamasia dawa ya kulainisha choo, na usiigeuze kuwa ya kila siku bila ushauri. Lakini ukiona damu katika kinyesi au kinyesi cheusi kama lami, ukitapika, tumbo likivimba na kuuma huku hata hewa haitoki, au ukikonda bila sababu, usilaumu sigara uliyoiacha: nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara mjini na ya Sokoine kwa walio Lindi mjini, ukamweleze daktari tarehe uliyoacha kuvuta na siku ya mwisho uliyopata choo.