Somo: Namna ya kuripoti programu ya konsoli ya taa za jukwaani inapoganda au kujifunga

Fundi wa taa anayemwandikia mtengenezaji wa konsoli (meza ya kuendeshea taa) kwamba "konsoli imegoma" hajamwambia kitu, kwa sababu hitilafu isiyoweza kutokea tena mbele ya macho ya msanidi programu ni vigumu mno kurekebishwa. Ripoti inayofaa ni ile inayomwezesha mtu ambaye hakuwepo ukumbini kuifikia hitilafu ileile kwa kubonyeza vitufe vilevile.

Hatua ya 1: Chunguza kabla ya kuzima. Onyesho likiwa linaendelea, liokoe kwanza, ripoti itasubiri. Ukipata upenyo, piga picha ya skrini kwa simu, kisha sukuma kitelezi kimoja na utazame jukwaani. Usiridhike na kiashiria cha DMX (data inayobeba amri za konsoli hadi kwenye taa) kinachowaka kwenye taa, kwani data hiyo hurudiwa mfululizo, takriban mara 44 kwa sekunde yunivasi (laini moja ya DMX) inapobeba chaneli zote 512, na baadhi ya vifaa huendelea kurudia thamani za mwisho hata programu ikiwa imekwisha kufa. Skrini ikiganda huku taa zikitii kitelezi, tatizo huenda liko upande wa madirisha ya programu yanayoonekana kwenye skrini, si upande unaotoa amri kwa taa. Taa nazo zisipotii, jambo ni zito zaidi.

Hatua ya 2: Andika ulichofanya, si unachokishuku. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. "Nilikuwa nashughulikia efekti" (mabadiliko ya taa yanayojiendesha yenyewe) haitoshi. Andika hivi: "Nilifuta kundi la taa namba 4 wakati efekti inayolitumia ilikuwa bado inacheza, skrini ikaganda papo hapo." Dhana yako kuhusu chanzo iweke mwishoni, tena uitaje kuwa ni dhana.

Hatua ya 3: Nakili logi (kumbukumbu ya matukio inayoandikwa na programu) na faili la onyesho (lenye mipangilio yote ya taa) kwenye flashi. Hifadhi faili kwa jina jipya, usiandike juu ya lile la awali. Angalia pia saa ya konsoli, maana mashine isiyounganishwa na intaneti aghalabu huwa na saa iliyopotea. Taja saa inayoonyeshwa na konsoli pamoja na saa halisi, la sivyo msomaji wa logi atatafuta tukio mahali lisipokuwepo.

Hatua ya 4: Taja modeli, namba kamili ya toleo la programu na vilivyounganishwa, yaani skrini za nje, MIDI (ishara za vyombo vya muziki na vidhibiti), Art-Net au sACN (njia za kupeleka DMX kupitia mtandao), na konsoli ya akiba kama ipo. "Toleo jipya" si namba.

Hatua ya 5: Jaribu kuirudia hitilafu nje ya onyesho, kwanza kwa faili lako, kisha kwa faili tupu. Ikitokea hata kwenye faili tupu, umemwondolea msanidi sehemu kubwa ya kazi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ikitokea mara moja tu na isijirudie, niripoti?*
Ripoti, ila useme wazi kwamba haijirudii, na ueleze konsoli ilikuwa imewashwa kwa muda gani. Logi yako ikilinganishwa na za wengine inaweza kufichua mfanano.

*Mkataba wetu hauruhusu kutoa faili la onyesho. Nifanyeje?*
Tengeneza nakala, futa nusu ya kyu zake (hatua za taa zilizorekodiwa), kisha ujaribu tena. Hitilafu ikibaki, futa nusu ya zilizosalia, na ikitoweka, rudisha ulizofuta na uondoe nusu nyingine. Mara nyingi hubaki kipande kidogo kisicho na siri. Badilisha majina ya kyu na uondoe maelezo yote kabla ya kukituma, na bado upate idhini ya mwenye onyesho.

*Je, si bora kusasisha programu kwanza?*
Kusanya ushahidi kwanza, na kamwe usisasishe siku ya onyesho. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya aghalabu halifunguki kwenye toleo la zamani, kwa hiyo anayesasisha bila nakala hujifungia njia ya kurudi.