Namna ya Kuandika Kuhusu Filamu ya Mapenzi Uipendayo

Wengi wanapotaka kuieleza filamu ya mapenzi waipendayo huanza na siku wapenzi walipokutana, wakasimulia ugomvi na suluhu zao zote, na msomaji huwa amekwisha choka kabla ya kufika penye utamu. Mimi nashauri uanzie mwishoni.

Kwanza chagua filamu, na kipimo chake kiwe hiki: je, unaweza kuhadithia tukio lake la mwisho barazani, kikombe cha kahawa mkononi, bila kuitazama upya? Ukishindwa, tafuta nyingine. Kipimo hicho kilinipeleka kwenye filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ambayo nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, iliwekwa mara nyingi hata kanda ya video ikaingia mikwaruzo.

Kisha andika tukio hilo kwa kumbukumbu tupu, na baada ya hapo ndipo uitazame filamu tena na kulinganisha. Hatua hii usiiruke, kwa kuwa pale kumbukumbu yako ilipokosea ndipo penye jambo la kuandika. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba garimoshi linaondoka, binti Simran anakimbia, naye mpenzi wake Raj anamnyoshea mkono na kumpandisha. Nilipoitazama tena niliona kwamba mkono unaoamua hadithi si wa kijana, bali ni wa baba, aliyemshika bintiye kifundo cha mkono huku akisihiwa na garimoshi likizidi kwenda, hadi mwisho akamwachia na kumwambia aende. Hapo nikakumbuka kwamba mamake Simran alikuwa amekwisha waletea wapenzi hao vito na kuwahimiza watoroke, na Raj akakataa, akitaka apewe mke na baba mwenyewe. Filamu niliyoidhani ni ya kukimbia kumbe ni ya kuomba ruhusa, na bila shaka ndiyo sababu wazee wetu hawakuwahi kutufukuza sebuleni ilipowekwa.

Ukishaliona jambo lako, lipime kwa mwisho wa filamu nyingine. Katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, mfalme Akbar naye anaamua hatima ya wapenzi: anamwacha Anarkali atoke kwa njia ya siri chini ya ardhi pamoja na mamake, ilhali Salim, mwanawe Akbar, anabaki akiamini kwamba mpenzi wake amekufa. Baba wote wawili wanaachia, lakini ni mmoja tu anayeachia mbele ya macho ya wapenzi, na mimi, nikiambiwa nichague, namchagua huyo wa stesheni.

Nyimbo nazo zipe nafasi. Huku kwetu waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo walitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, kwa hiyo huenda wimbo uliusikia arusini kabla ya kuijua filamu yenyewe, na hilo lastahili kuandikwa.

Kuhusu lugha sina mengi. Neno “stelingi” linafaa barazani, ila katika maandishi ya heshima sema mhusika mkuu, na badala ya kuandika kwamba mwisho “unasikitisha sana”, eleza kilichoonekana. Ikiwa filamu ni mpya, mwonye msomaji mapema kwamba utautaja mwisho wake.

Katika mapenzi yako mwenyewe chukua jambo moja tu, na uliyempenda usimtaje kwa jina, kwani Mombasa ni ndogo na maneno huvuka Likoni kabla ya feri. Mara nyingi mtu aliyekaa kando yako mkitazama hukufaa zaidi kuliko mpenzi wa zamani. Mimi namwandika halati yangu, aliyezoea kutazama huku akichambua mchele kwenye uteo. Baba yule alipomshika Simran, vidole vya halati vilisimama juu ya mchele, naye akaiambia televisheni, “Mwachie mwana, bwana!” Alipomwachia, halati aliokota chuya moja, akaitupa kando, akaendelea kuchambua.