Kuinua wayo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa mashine ya kusisimua misuli

Mtoto anayeburuza vidole au kutua kwa ncha ya wayo anaweza kusaidiwa na umeme mdogo unaopita kwenye neva inayoinua wayo. Daktari Wladimir Liberson na wenzake walieleza njia hii mwaka 1961 kwa watu waliopooza upande mmoja. Mipangilio ya kwanza ifanywe na mtaalamu wa fiziotherapia; mzazi aendeleze nyumbani.

Anza kwa kupima kifundo. Mlaze mtoto chali, goti likiwa limenyooka, kisha usukume wayo polepole kuelekea kwenye muundi. Wayo usipofika pembe ya nyuzi 90 na muundi, shavu la mguu limefupika na umeme hautalishinda. Hapo kwanza ni kunyoosha misuli, plasta ngumu ya kufunga mguu au splinti, yaani kifaa cha kuushikilia wayo. Mtoto mwenye betri ya moyo asitumie mashine hii, na mwenye kifafa asianze bila ruhusa ya daktari wake. Pedi, yaani kibandiko kinachopitisha umeme kwenye ngozi, haibandikwi juu ya kidonda.

Osha mguu kwa sabuni na uukaushe. Mafuta ya nazi aliyopakwa asubuhi yakibaki, pedi itainuka ukingoni na umeme wote utapita kwenye kipande kilichoshika. Ndipo mtoto hulia kuwa anachomwa.

Pedi za duara za sentimita 3 hadi 4 zinamtosha mtoto mdogo. Papasa upande wa nje, chini ya goti, mpaka ukute kinundu cha mfupa. Pedi hasi inakaa nyuma na chini kidogo ya kinundu hicho, maana neva inapita hapo karibu sana na ngozi. Mwambie mtoto ainue wayo huku ukiuzuia kwa mkono: nyama inayotuna mbele, nje kidogo ya mfupa wa muundi, ndipo penye pedi chanya.

Weka hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde) 30 hadi 40 na upana wa pigo, yaani muda wa kila pigo, maikrosekunde 200 hadi 300. Hezi zikiwa chini ya hapo sana msuli hutetemeka tu, na hezi zikizidi huchoka upesi. Mtoto akiwa amekaa, umeme uwake sekunde 10 na kuzima sekunde 20, ukipanda taratibu kwa sekunde 1 au 2. Nguvu ya umeme ianzie sifuri, ongeza miliampia moja moja, dakika 10 zinatosha siku za mwanzo. Nyingi ya mashine za kutuliza maumivu za madukani hazina mpangilio huu wa kuwaka na kuzima, kwa hiyo angalia kabla ya kununua.

Sasa utazame wayo, kwa sababu kazi yenyewe iko hapa. Ukigeukia nje mno, sogeza pedi ya mbele kuelekea kwenye mfupa wa muundi, nusu sentimita kwa mara. Ukigeukia ndani, irudishe upande wa nje. Vidole vikiinuka peke yake, pedi iko chini mno. Shavu likikaza wayo unapoinuka, umeme unapanda kwa haraka. Urefushe muda wa kupanda. Ukipata mahali pazuri, pachore duara kwa kalamu.

Wakati wa kutembea, swichi ndani ya kiatu huwasha umeme kisigino kikiinuka na kuuzima muda mfupi baada ya kutua, ili wayo usipige chini kwa kishindo. Hapa muda wa kupanda uwe chini ya nusu sekunde, la sivyo wayo utainuka hatua ikiwa imekwisha. Na mtoto ambaye kisigino chake hakigusi chini kabisa? Swichi haitabonyezwa kamwe. Iweke kwenye kiatu cha mguu wa pili: kisigino hicho kikitua, mguu wenye pedi unawashwa.

Ukibandua pedi, wekundu hafifu unaofifia ndani ya nusu saa ni kawaida. Ukibaki zaidi ya hapo, usiibandike tena mpaka mtaalamu auone. Pedi iliyoanza kukauka ipe tone la maji, isiposhika, tupa.